Kalenda ya Mama Cornel

Pale Nyarugusu, mwaka tisini na nne, habari zilipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye benchi la mgahawa wowote na kusubiri, maana wachimbaji wa dhahabu ni watu wa siri kwa jambo moja tu, yaani mahali mwamba mzuri ulipo. Mengine yote wanayamwaga. Habari za namna hiyo zilifika zikiwa za moto, na zikilala siku moja tu zilikuwa zimeota mikia. Njia ya pili ilikuwa kwenda ukutani kwa Zahid asubuhi ya Jumatano, siku ya mnada, ukasimama nyuma ya migongo ya wenzako, ukasoma Kalenda.

Mgeni angedhani ni kalenda ya kuhesabia siku. Hata kidogo. Zahid, mwenye duka la vifaa vya machimboni, kila mwaka alichapisha Mwanza kalenda kubwa za kuwagawia wateja, na kila mwaka aliagiza nyingi kuliko wateja wenyewe. Zilizobaki alizirundika stoo, mwaka juu ya mwaka, mpaka mama mmoja aliyekuwa akiuza uji na chapati kwenye baraza lake alipomwomba. Mbele kulikuwa na picha ya maua na majina ya miezi. Nyuma palikuwa peupe. Huo upande mweupe ndio aliokuwa akiutaka Klara Mihayo, ambaye wote pale walimwita Mama Cornel.

Alikuwa na miaka arobaini na mitano hivi, mrefu, mkavu, mwenye jicho la kukagua. Ujanani alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko upande wa Kahama, akiwafundisha wazee kushika kalamu, na kazi ile ilimwachia mambo mawili. La kwanza ni mwandiko mkubwa, ulionyooka, ambao hata mwenye macho mabovu aliusoma akiwa hatua kumi. La pili ni uchungu wa kuona mtu mzima aliyejifunza kusoma kwa taabu akisahau kwa kukosa cha kusoma. Mumewe alipofariki, na pamba nayo ikawa haina mnunuzi, alifunga sufuria zake akaja machimboni. Akakuta mamia ya wanaume wanaojua kusoma na maandishi pekee waliyonayo ni yale ya kwenye mifuko ya saruji. Magazeti ya mjini yaliwafikia yakiwa na wiki mbili, yamefungiwa samaki.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na mambo matatu. Kisima cha bondeni kimeingiliwa na ng'ombe, chemsheni maji. Kuna barua dukani ya Cornel wa Biharamulo (si mwanangu), aje aichukue, imeanza kuliwa na panya. Na mchimbaji mmoja, jina tunalihifadhi ila mwenyewe anajijua, amewaandikia barua wake zake wawili siku moja, akatia ya mke wa Geita kwenye bahasha ya mke wa Kahama. Sasa anaomba wenzake wamfiche. Kufika saa tano watu walikuwa wameziba mlango wa duka. Zahid akatoka nje kwa hasira kuwafukuza, akasoma mstari wa tatu, akacheka mpaka akashika nguzo. Ndivyo Kalenda ilivyopata ukuta wake.

Lakini kuanza si kazi. Nyarugusu yote ilikuwa imejaa vitu vilivyoanzwa: maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yaliyochimbwa hadi kiunoni yakaachwa, vibanda vyenye kuta tatu, timu za mpira zilizocheza mara moja. Mwanamke huyu alitundika karatasi kila Jumatano kwa miaka mitano, mvua ikinyesha, malaria ikimtikisa, na katika miaka hiyo yote alikosa Jumatano moja tu. Nitaifikia. Kwanza nataka ijulikane kwamba wiki ya sita alikaukiwa kabisa. Alikaa na makapeni, ile kalamu yake nene ya wino, mkononi mpaka uji ukaungua, na kwa kukosa la kuandika akaandika mawaidha: vijana, acheni pombe, kumbukeni nyumbani, muda haurudi. Yalijaza karatasi vizuri sana. Saa nane mchana akakuta mtu amechukua mkaa akaandika chini yake: "Haya tunaambiwa na mama zetu bure."

Mwingine angenuna. Klara alisimama akaitazama sentensi ile muda mrefu, akaona ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zake zote za wiki ile. Jumatano iliyofuata aliacha nafasi ya kiganja kizima chini ya karatasi, akaandika juu yake "Sehemu yenu", akafunga penseli kwa uzi kwenye msumari. Kuanzia hapo Kalenda ilijibiwa. Walibishana pale, wakasahihishana, wakatukanana kidogo, na yeye kila jioni alinakili maneno yao kwenye daftari kama mtu anayeokota mayai.

Akajifunza pia kuzifuata habari badala ya kuzingoja. Saa kumi jioni, sufuria zikishaoshwa, alijifunga kitenge chake cha pili akazunguka kwenye maduara. Alikuwa ameshagundua kwamba ukimwuliza mchimbaji "Habari za leo?" atakujibu "Mhola duhu", salama tu, hata kama nyumba yake imeungua asubuhi. Kwa hiyo hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Leo umekasirishwa na nini?" Hapo mtu alikaa juu ya ndoo akaeleza. Ukimpa mtu nafasi ya kueleza kilichomkasirisha, atakutajia mahali, saa, nani alikuwepo na alivaa nini. Klara hakukaukiwa tena.

Sasa nije kwenye kosa lake, maana bila hilo huyu angekuwa mama mwenye mwandiko mzuri tu.

Mwezi wa tatu, mwaka tisini na tano, baada ya mvua ya siku tatu, duara la Mabula liliporomoka alfajiri ya Jumatatu. Mabula alikuwa mwenye duara mwenye huruma, na alikuwa na utaratibu wake: fundi wa matimba, yaani yale magogo yanayozuia udongo kule chini, anashuka peke yake kabla ya wenzake, anayagonga moja moja, akiridhika ndipo zamu iingie. Asubuhi ile fundi alishuka na hakupanda. Walimchimbua Jumanne. Uso haukuwa wa kutambulika, lakini mabuti yalikuwa na herufi B iliyochomwa kwa chuma cha moto kwenye visigino, na daftari la Mabula, alilomfungulia Klara, lilisema wazi: matimba, Bujiku.

Walimzika jioni ile ile chini ya msalaba wa mbao. Klara akaenda kuandika, na aliandika vizuri. Ubaya ulikuwa hapo hapo. "Bujiku wa Mhunze ametutoka," akaanza, kisha akaeleza kijana aliyekuwa akishuka gizani kila siku ili wenzake washuke salama. Wanaume wenye ndevu walilia mbele ya ukuta. Wakamwomba asiitoe karatasi ile, aitundike nyingine pembeni yake. Dereva mmoja wa lori akainakili yote, akaifikisha Mhunze kwa mkono wake.

Wiki tatu baadaye, Klara akiwa ameinamia kikaango, kijana alisimama mbele ya meza yake.

"Shikamoo, Mama Cornel."

"Marahaba," akajibu bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua.

"Ni mimi Bujiku. Sijafa."

Alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa na vumbi la safari ya siku mbili. Nyuma yake watu walishaanza kusogea, wengine wakirudi nyuma. Bujiku alikuwa amegeuka kuutazama ukuta, akisoma jinsi alivyokufa, midomo ikimchezacheza. Klara aliepua kikaango, na swali lililomtoka lilikuwa moja tu.

"Nani alivaa mabuti yako?"

"Redio."

Redio kila mtu alimjua. Alipewa jina hilo kwa sababu hazimwi. Aliongea akichimba, akila, akioga mtoni, na kila alichosema kilikuwa nusu uongo na chote kitamu. Bujiku akaeleza kwamba alisikia kuna rashi, dhahabu imetoka kwa wingi upande wa Kahama, akataka kwenda kujaribu bahati kwa siku nne. Mabula akijua angempa mtu mwingine nafasi yake. Basi akamwomba Redio ashuke kwa jina lake, mapema, kabla ya watu, akampa na mabuti. Mambo hayo pale yalikuwa ya kawaida. Nusu ya majina kwenye madaftari ya maduara yalikuwa ya watu waliokuwa kwingine. Redio alipoacha kuonekana, kila mtu alidhani naye kafuata rashi. Bujiku hakupata kitu huko, akaona aibu kurudi, akapitia nyumbani Mhunze kumwona mama yake. Akakuta ukoo mzima umenyoa nywele.

"Redio anaitwa nani?" Klara akauliza.

"Redio."

"Jina lake, Bujiku. Alilopewa na mama yake."

Bujiku akatazama chini. "Mabuti nilimpa, mama. Jina sikumwuliza."

Klara angeweza kusema, na wengi walimwambia aseme, kwamba kosa ni la daftari. Hakusema. Alibandua ile karatasi iliyowaliza watu, akatundika mahali pale pale nyingine yenye maandishi ya ukubwa ule ule: "Nilikosea. Bujiku yu hai. Niliamini daftari, sikuuliza mtu. Aliyezikwa ni Redio." Kisha akafunga sufuria zake, akapanda lori. Jumatano iliyofuata ukuta wa Zahid haukupata karatasi mpya. Hiyo ndiyo Jumatano niliyoisema.

Mhunze alimkuta mama yake Bujiku amekaa kwenye kigoda, kichwa kinang'aa kwa wembe, akichambua choroko. Klara alipiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake mwenyewe.

"Shikamoo, mayu. Mimi ndiye niliyeandika."

Yule mama aliendelea kuchambua, akitupa mbovu huku, nzima huku. Klara alibaki magotini, amejiandaa kutukanwa, na kwa kweli alitamani atukanwe yaishe.

"Wangu amerudi," mama akasema mwishoni. "Nywele zitaota. Huyo mwingine je, mama yake anajua?"

"Hajui, mayu. Hatujui hata kwao ni wapi."

"Basi kuna mwanamke mahali anapika ugali wa ziada."

Klara alirudi na sentensi ile kichwani, ikimsumbua Shinyanga mjini kwenye stendi, ikimsumbua Kahama, ikashuka naye kwenye lori Nyarugusu. Kosa la jina la Bujiku lilikuwa limesahihishwa. Hili jingine lilikuwa bado, na aliapa kwamba karatasi iliyompoteza yule mtu ndiyo itakayompata.

Lakini utaanzia wapi kumtafutia kwao mtu aliyewaambia watu kumi kwamba ametoka sehemu kumi? Mmoja alijua ni wa Tanga, amezaliwa kwenye shamba la mkonge. Mwingine aliapa ni wa Kigoma. Kwa Mabula alikuwa yatima. Kwa muuza maji alikuwa na mama wawili, wote wakali. Klara aliyapanga maneno hayo kwenye daftari, akaona hakuna hata moja la kushika. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi namvulia kofia. Aliacha kuutafuta ukweli wa Redio, akaanza kuokota uongo wake.

Upande wa kushoto wa Kalenda akaweka kichwa kipya: "Maneno ya Redio." Kila wiki hadithi moja, kama alivyoisimulia mwenyewe, na mwisho wake jina la mtu aliyeisikia. Redio na mjomba wake mwenye kilima kizima, ambaye alimtoza mbuzi kila aliyepanda kuchungulia upande wa pili. Redio alivyokula mayai kumi na manne kwa kubishana na karani wa reli, na la kumi na tano likaanguliwa mkononi. Redio aliyekuwa mpishi kwenye garimoshi, akapika maharage Tabora yakaiva Dodoma. Bujiku, ambaye aibu ilikuwa imemkausha, alipewa kazi ya kuzunguka na kuwauliza watu, na sharti lilikuwa moja: usiongeze, usipunguze, na usiniambie kwa kifupi.

Wiki nne za kwanza ukuta ulifurika. Watu waliokuwa hawajui kusoma walisomewa, wakaenda kusimulia kwao, madereva wakanakili. Klara aliomba chini ya kila karatasi: "Mwenye kumjua mtu anayesema hivi, aandike hapa." Sehemu yenu ilijaa. Ilijaa hadithi nyingine, vicheko, na watu watatu waliodai ni ndugu zake ili wapewe vitu vyake. Kwao hakuna aliyepajua.

Kufika wiki ya saba mambo yalianza kupoa. Mtu aliandika kwa penseli: "Tumechoka na marehemu." Mwingine akaongeza chini yake: "Tuambie ya wale wake wawili." Zahid naye, ambaye alizaliwa Shinyanga mjini na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko cha wachimbaji wengi, alitoka na kikombe chake cha chai akaja kukaa karibu na jiko.

"Mama Cornel, mimi si mwandishi," akasema. "Lakini mteja nikimwonyesha sepeto ile ile kila siku, anaacha kuja."

"Najua, Baba Gulnaz."

"Sasa?"

"Wake wawili wamekuwa watatu. Wiki hii nitaliandika hilo upande wa kulia, kubwa, juu kabisa. Watakuja kwa ajili yake. Wakija, macho yatateleza kushoto."

Zahid akanywa chai. "Na wasipoteleza?"

Klara akachochea moto. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kwenye njia ya kutoka mtoni alijiuliza kama anamtafuta mama yake Redio au anatafuta kusamehewa yeye, na hakupenda jinsi maswali hayo mawili yalivyofanana. Lakini Jumatatu jioni alijifunga kitenge akaenda kuuliza. Upande wa kulia ulipata kisima, barua zilizolala, ugomvi wa mpira, mke wa tatu. Aliufanyia kazi upande ule kuliko alivyowahi kuufanyia, ili ule wa kushoto uendelee kuishi. Wiki ya nane, ya tisa, ya kumi.

Wiki ya kumi na moja hadithi ilitoka fupi. Mtu aliyeisimulia alikuwa mvivu wa maneno, na Klara alibakiwa na nafasi ya mistari minne. Alisimama dukani akilalamika kwa Mama Gulnaz, mke wa Zahid, aliyekuwa akipima misumari.

"Kwangu hakuwahi kusimulia chochote," Mama Gulnaz akasema. "Alinunua spoku tu."

"Spoku ya baiskeli? Redio hakuwa na baiskeli."

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema ni ya kutengenezea dirisha. Eti dirisha la nyumbani kwao ni gurudumu la baiskeli, limejengewa ukutani. Spoku moja imekatika. Nikamwambia, toka hapa na uongo wako, akacheka akalipa akaondoka. Mwezi wa pili, kabla ya mvua."

Klara aliona ni jambo dogo. Halikuwa na mzaha wala mwisho. Karibu aliache, na mimi nikifikiria hivyo mpaka leo moyo unaruka. Lakini mistari minne ilikuwa wazi, na hakupenda kutundika karatasi yenye pengo. Akaandika: "Redio alinunua spoku moja kwa Mama Gulnaz. Alisema nyumbani kwao dirisha ni gurudumu la baiskeli. Ndivyo alivyosema."

Jumatano ile alikuwa na wateja wengi, hakusogelea ukuta mpaka alasiri. Chini ya karatasi, kati ya matusi ya mpira, kulikuwa na mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara, ameikandamiza penseli mpaka karatasi ikabonyea: "Hilo dirisha lipo. Nyahanga, Kahama, njia ya kwenda kisimani. Ni mimi Salome wa mchele."

Kesho yake Klara alikuwa kwenye lori, karatasi kumi na moja amezikunja kwenye nailoni, amezikumbatia. Tangu Nyarugusu mpaka Kahama alikuwa akipanga atakavyosema.

Hakuhitaji kuuliza nyumba. Ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa nusu, na ukutani gurudumu la baiskeli lilikuwa limetulia kama limezaliwa pale. Spoku zake zote zilikuwa na kutu nyekundu. Isipokuwa moja, mpya, iliyong'aa kwa jua la saa kumi. Klara alisimama mbele yake, akajua amefika.

Mwanamke wa miaka sitini hivi alitoka na ungo mkononi.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Naitwa Mwanaima. Umepotea?"

"Hapana, mama. Nauliza, una mtoto wa kiume mwenye maneno mengi?"

Uso wa mama ulifunguka. "Maneno? Huyo anaongea mpaka kuku wanasinzia. Yuko wapi huyo mjinga?"

Maneno yote ambayo Klara alikuwa ameyapanga njiani yalimpotea. Alisema wazi, kwa sababu hakubaki na njia nyingine. Alisema duara, mvua, mwezi wa tatu. Alisema pia kwamba yeye ndiye aliyeandika jina lisilo lake. Mwanaima aliweka ungo chini taratibu, akakaa karibu nao. Jirani akapita, akasalimu, akaona, akaenda kuita wengine.

"Alikuwa na nani kule chini?" Mwanaima akauliza.

"Peke yake, mama."

"Peke yake," akarudia, kana kwamba hilo ndilo lisilowezekana. Kisha akaonyesha kidole. "Hicho ulichobeba ni nini?"

"Maneno yake."

"Soma."

Klara akazifungua karatasi kwenye mkeka, maua ya Zahid yakiwa chini, akasoma. Alisoma kwa sauti ya darasa la wazee, polepole. Kwenye mjomba mwenye kilima Mwanaima aliguna. "Mjomba wake huyo hana hata shamba, analima la mkewe." Kwenye mayai kumi na manne alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, na kicheko kile kikageuka kikawa kilio bila kusimama, na bado, machozi yakitiririka, akampungia mkono aendelee, asiache, asome la garimoshi, asome tena la mbuzi. Waliokuja kumlilia walimkuta akisema, "Huyo ndiye. Huyo ndiye. Mwongo wangu."

Klara akafikia ile mistari minne ya wiki ya kumi na moja, ya spoku. Mwanaima alitazama dirisha.

"Ililetwa na dereva wa lori, mwezi wa pili, imefungwa kwenye gazeti. Hakuna barua. Nikasema, leo kaishiwa maneno." Akajifuta uso. "Anaitwa Masudi. Masudi Mrisho. Andika."

Baba mdogo wa Masudi na shehe mmoja walikuja Nyarugusu Jumapili. Msalaba ulitolewa kwa heshima, dua ikasomwa, na Bujiku ndiye aliyebeba kibao kipya kutoka barabarani mpaka kaburini, hakutaka kupokelewa.

Jumatano watu walifika mapema kuliko kawaida, maana fununu zilishawatangulia. Walitegemea hadithi ya kumi na mbili, ndefu kuliko zote. Wakakuta karatasi ina mistari miwili tu, katikati, kwa mwandiko mkubwa kuliko waliowahi kuuona pale:

"Masudi Mrisho wa Nyahanga. Mama yake anaitwa Mwanaima."

Penseli ilining'inia kwenye uzi wake. Kisha Bujiku alipenya katikati ya watu, akaishika, akaandika chini: "Bujiku Luhende wa Mhunze. Mama yangu Ng'washi." Akampa aliyekuwa nyuma yake. Huyo pale wote walimjua kwa jina la Panga. Aliandika Donatus Kabadi wa Ngara, akasita, akaandika jina la mama yake. Wakapanga mstari wenyewe, bila kuambiwa, mstari ukapita mlango wa duka, ukapita meza ya uji, na kila mmoja alipofika mbele alivua kofia kwanza. Wasiojua kuandika walimnong'oneza jirani sikioni, jina ambalo pale Nyarugusu hawakuwa wamelitaja kwa mtu.

Kufika saa nane karatasi ilikuwa imejaa mpaka kingoni, na mstari ulikuwa bado. Klara alimwomba Zahid kalenda nyingine, kisha akaenda dukani kununua penseli.